Profesa na Nakala kwa Wenzake

Vuta kiti ukae, wewe unayenisikiliza, nami nitakueleza polepole. Usiogope. Habari yenyewe si ngumu, ila ina marehemu wengi, na kabla hujamwelewa mtu ninayetaka kukuchorea itabidi kwanza nikutambulishe kwa marehemu wake. Ukiona ninakimbia, nisimamishe. Kazi yangu ni kufundisha watu kuendesha gari hapa Birmingham, kwa hiyo nimezoea kurudia jambo moja mpaka mwenzangu aache kutetemeka.

Mtu huyo tulimwita Profesa. Hakuwa profesa. Alikuja kutoka Kenya kuandika tasnifu ya udaktari kuhusu barua ambazo wanasayansi wa Uingereza waliandikiana katika karne ya kumi na tisa. Tasnifu haikuisha. Kila alipokaribia sura ya mwisho aligundua bwana mwingine aliyemwandikia bwana mwingine, na wote wawili wakahitaji sura yao. Chuo kilipokawia kumpa cheo tukampa sisi kanisani, bila mtihani, naye akakipokea bila kubisha. Kwa riziki yake alipanga vitabu maktabani. Jioni alirudi Sparkhill, kwenye nyumba iliyobanwa kati ya nyumba nyingine, akakaa na watu wake waliokufa.

Sasa tuwaeleze hao marehemu. Zamani zile, Profesa alisema, sayansi haikukaa maabarani tu, ilikaa kwenye bahasha. Mtu akiokota jiwe lenye alama ya konokono, alimwandikia mjuzi wa mji mwingine. Gharama ya kutuma barua ilikuwa imeshushwa hadi peni moja, na kwenye miji mikubwa tarishi alipita zaidi ya mara moja kwa siku. Walitumiana mbegu, manyoya, kuvumwani za magome ya miti, wadudu waliokaushwa. Walibishana pia, lakini kwa adabu ya ajabu. Mtu angeweza kumwambia mwenzake kwamba amesoma hoja yake kwa furaha isiyo kifani, kisha kurasa mbili baadaye akamwonyesha kwamba hoja hiyo haifai hata kufungia samaki.

Na hapa nakuomba unifuate vizuri. Barua hizo nyingi hazikuwa za siri. Mtu akipata barua nzuri kutoka kwa mwenzake aliipitisha kwa wengine watoe maoni, au aliinakili, au ilisomwa kwa sauti kwenye mkutano wa chama chao. Hilo lilikuwa jambo la heshima. Barua yako ikisomwa na wengi, ina maana umesema kitu cha maana. Profesa alilipenda jambo hili kuliko yote. Alisema ndiyo siri ya maendeleo ya Waingereza. Alilisema harusini, alilisema kwenye mchango wa matanga, na mara moja alilisema kwenye ubatizo mpaka mtoto akalia kabla hajaguswa na maji.

Shida ilianza alipoamua kuishi hivyo.

Kikundi chetu cha kanisa kina WhatsApp kama vikundi vyote duniani. Mtu akiuliza, "Profesa, utakuja Jumamosi tupake rangi ukumbi?" sisi wengine tunajibu kwa kidole gumba. Profesa alijibu kwa barua. Iliingia mlangoni Jumanne, rangi ikiwa imeshakauka, ikieleza kwa kirefu kwamba angefurahi sana kuja. Aliandika kwa kalamu ya kuchovya wino. Nibu yake, ile ncha ya chuma, aliinunua Hockley, kwenye mitaa ya mafundi wa vito, na hakuacha kutukumbusha kwamba nibu zilizoandikia nusu ya dunia ziliwahi kutengenezwa karibu na pale. Vidole vyake vilikuwa na rangi ya zambarau. Watoto wa Sunday school walidhani ni ugonjwa.

Kila barua aliimaliza kwa maneno "nabaki mtumishi wako mtiifu." Jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Papa Espoir, fundi wa mabomba aliyetoka Uvira, Kongo, na familia yake, aliisoma ile ya kwanza mbele yetu sote.

"Mutumishi gani huyu?" akauliza. "Miaka yote anakula kwangu, hata sahani moja hajaosha."

"Ni desturi ya uandishi, Papa Espoir," Profesa akasema.

"Desturi iko muzuri. Sahani ziko jikoni."

Nikikuambia alikuwa mtu wa kuchekwa tu, nitakuwa nimekudanganya. Mama yake Papa Espoir alipofariki kule Uvira, sote tulikwenda kukaa naye. Tulileta chai, mandazi, viti vya kanisa. Profesa alifika mlangoni, akasimama na kofia mkononi, akafungua mdomo, akaufunga, akaondoka. Tulimsema vibaya. Siku kadhaa baadaye ikaja barua. Sijui alichoandika, ila Papa Espoir alimwomba mke wake aisome, kisha akamwomba aisome tena, na fundi yule wa mabomba mwenye mikono kama makoleo akalia kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze. Nilimsikia akisema, "Huyu mutu anajua kitu." Halafu akafuta uso, akaongeza, "Lakini siku ile mi nilitaka mutu wa kukaa hapa. Karatasi haikalii kiti."

Huyo ndiye Profesa. Ukimpa wino na siku tatu, hakuna anayemfikia. Ukimpa sekunde tatu na uso wa mwenzake, anageuka nguzo.

Alihubiri kwamba ujuzi ni wa wote, lakini nakala za barua zake mwenyewe alizifungia kabatini, na ufunguo aliuvaa shingoni kama mtoto wa shule. Alisema mwanasayansi hukubali kosa mara moja anapoonyeshwa ushahidi. Nilimwonyesha ushahidi kwamba alikuwa amepanda basi lisilo lake kwenye Stratford Road, tukiwa ndani ya basi hilo, likielekea kusikotakiwa. Alilitazama duka la nguo lililopita dirishani, akatazama lililofuata, akasema, "Tusikimbilie kuhitimisha." Tulihitimisha mwisho wa safari, dereva alipotuomba tushuke.

Kisha kulikuwa na Sista. Hilo ndilo jina tulilomwita, maana alikuwa muuguzi mkuu kwenye wodi ya wazee na alitembea kanisani kana kwamba sote tulikuwa vitandani. Alikaa Aston, mumewe alikuwa amefariki zamani, na kila Jumamosi alimpikia Profesa. Yule bwana alikula, akanyamaza, akashukuru, akapanda basi kurudi kwake. Kisha akaandika barua kuhusu yale aliyoyafikiria mezani. Sista alimjibu kwa simu. Nilikuwa naye garini siku moja akizungumza kwa spika.

"Profesa, barua yako imefika. Unasema pilau ilikuwa na chumvi nyingi."

"Nilisema ilikuwa na chumvi ya kutosha watu wawili zaidi."

"Na ulikula sahani mbili."

"Nilikuwa nakusanya ushahidi."

"Si ungeniambia pale mezani nikuongezee wali mweupe?"

"Sikuwa nimepanga hoja."

Sista alicheka mpaka akagonga dashibodi. Nilijua siku hiyo kwamba anampenda, na nadhani alijua kwamba nimejua, maana aliniambia nitazame barabara.

Sasa tunafika penye tatizo. Nitakwenda taratibu.

Sista alifika umri wa kustaafu. Alikuwa amejenga nyumba Nakuru na alikuwa ameamua kurudi. Kwa kuwa alimjua mtu wake, hakumpigia simu. Alinunua karatasi nzuri, akakaa chini, akamwandikia barua kwa mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu shule. Yaliyomo sitakueleza zaidi ya yale ambayo kanisa zima liliyajua Jumapili iliyofuata: kwamba anaondoka mwezi wa tano, kwamba amechoka kupikia mtu wa Jumamosi tu, na kwamba anamwomba waende pamoja, waoane, au amwambie hapana. Anataka jibu.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Ungevaa viatu, sivyo? Profesa alikwenda kupiga fotokopi.

Mimi nilipokea nakala yangu kwa posta. Juu yake alikuwa ameandika kwa wino wa zambarau: "Barua muhimu sana kutoka kwa rafiki yetu. Tafadhali toa maoni kwa maandishi." Nilisoma mistari miwili, nikaelewa nilichoshika, nikaikunja, nikaendesha gari moja kwa moja hadi Sparkhill.

"Profesa," nikamwambia, "hii ni barua ya mwanamke anayekuomba muoane."

"Ndiyo," akasema, uso umejaa nuru. "Umeona alivyojenga hoja? Ndiyo maana nimewapa nakala watu watatu ninaowaamini. Wewe, Papa Espoir, na Katibu wa kanisa."

"Katibu?"

"Ana jicho zuri la muundo."

Papa Espoir alikuwa ameshaisukuma nakala yake chini ya mlango wa Profesa, na maoni yake nyuma kwa kalamu ya risasi: "Nenda na huyu mama leo. Weye unangoja nini?" Hayo ndiyo maoni bora ya kitaalamu ninayoyajua. Katibu, kwa upande wake, alikuwa ameipiga picha nakala yake na kumtumia mke wake. Mke wake alimtumia dada yake. Dada yake yuko kwenye vikundi vingi. Tulimcheka sana Profesa kwa mambo yake ya kizamani, lakini tuseme ukweli: yeye alitumia stempu tatu, sisi tukamaliza kazi bila stempu hata moja, kabla ya chakula cha jioni.

Jumapili, baada ya ibada, Katibu alimsogelea Sista penye chai. Nilikuwa nimesimama karibu nao, kikombe mkononi.

"Dada," akasema kwa unyenyekevu, "ile aya ya upweke umeiandika vizuri mno. Ila mwisho ungeurefusha kidogo."

Sista aliweka kikombe chini. "Aya gani?"

Katibu aliona uso wake na akakumbuka ana gari la kuhamisha. Sista alipita katikati ya viti mpaka alipokuwa Profesa, na watu wakampisha kama wanavyompisha mtu anayesukuma kitanda cha mgonjwa.

"Umesoma barua yangu?"

"Kwa makini sana," Profesa akasema.

"Wewe na nani?"

"Mimi na wenzangu watatu. Maoni bado yanaingia."

Sista hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alisema kwa sauti ile wauguzi wanayotumia kuwaambia jamaa za mgonjwa mambo wasiyotaka kusikia: "Nilikuandikia wewe. Sikuandikia chama. Ndege yangu ni mwezi wa tano. Ukiwa na jibu, lilete mwenyewe. Nikipanda ndege hujasema kitu, nitajua umeshasema." Akachukua mkoba wake akaondoka, na Jumamosi ile hapakuwa na pilau, wala iliyofuata.

Nataka uelewe kwamba mzee yule hakujua amekosa nini. Alikaa garini mwangu, mkanda umefungwa, hatuendi popote, akasema, "Nimempa heshima kubwa kuliko zote ninazozijua. Nimeichukua barua yake kama ya mwanasayansi."

Nilimweleza kama ninavyomweleza mwanafunzi kuhusu kioo cha pembeni. "Profesa, hao mabwana zako walipopelekeana barua kuhusu mende, wote walizipitisha?"

"Nyingi, ndiyo."

"Na mke wa mmoja wao akimwandikia mumewe kwamba amemkosa, naye aliipeleka ikasomwe chamani?"

Alifikiri. Nakuapia, alifikiri kwa dhati. Kisha akasema, "Swali zuri. Itabidi nilitafiti."

Na akatafiti! Wiki zikapita. Sista alipaki vikombe, akauza kabati, akawaaga wagonjwa wake. Profesa alikuwa kwenye majalada. Nilipita kumwona, nikamkuta sakafuni katikati ya karatasi kama mtu aliyeangukiwa na dari. "Wake zao," akasema bila kuinua kichwa, "barua zao mabwana waliziweka kando, hazikusomwa chamani. Wengine waliomba zichomwe." Kisha akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alionekana mtu asiye na hoja ya pili. "Nimeipiga fotokopi," akasema. "Nimeipiga fotokopi mimi."

"Ndiyo," nikamwambia. "Sasa vaa koti."

"Kwanza niandike."

Unaona kazi ninayofanya? Nilimpa mpaka Jumamosi.

Jumamosi hiyo timu ya mpira ya Aston ilikuwa inacheza nyumbani, nami nilisahau kuangalia ratiba. Ukiingia Aston siku ya mechi, gari halisogei, linageuka kiti cha sebuleni. Tuliliacha mbali, tukatembea katikati ya mashabiki wenye skafu, Profesa akiwa ameibana kifuani bahasha nene kama mkate. Mtu mmoja alimwuliza kama anauza tiketi. Aliomba radhi kwa sentensi ndefu, na mtu yule akawa ameshafika kona.

Sista alifungua mlango akiwa amejifunga leso, kalamu ya kuandikia maboksi mkononi. Nyuma yake ukumbi ulikuwa maboksi mpaka ngazini. Alinisalimia mimi. Kisha akamtazama yeye. Profesa akanyoosha mkono, akampa bahasha.

Sista hakuipokea. "Soma," akasema.

"Hapa?"

"Kwani si unapenda zisomwe mbele za watu? Shahidi yupo. Soma."

Akaifungua. Akaanza kusoma. "Mheshimiwa Bibi, nimepata heshima kubwa ya kupokea barua yako..."

"Ruka."

"Kabla sijaingia kwenye suala lenyewe, yafaa nieleze kwa ufupi historia ya..."

"Ruka."

"Kuhusu hali ya hewa ya Nakuru, ikilinganishwa na..."

"Nimezaliwa huko. Ruka."

"Pingamizi la kwanza..."

"Yako mangapi?"

Alipekua. "Yanaendelea mpaka ukurasa wa mwisho."

"Yaruke yote."

Akapeleka ukurasa nyuma, na mwingine, na mwingine. Kelele za uwanjani zilipanda zikashuka. Alifika chini kabisa, penye mstari ambao mwandiko wake ulikuwa umepoteza adabu, herufi zikigongana. Nilimwona akiusoma kimya kwanza. Nilitaka kumsaidia, kama unavyotaka kumsaidia mwanafunzi aliyezimikiwa na gari katikati ya mzunguko wa barabara, lakini kuna mahali mwalimu anaweka mikono yake mapajani.

"Nataka kuja," akasoma. "Ila naogopa kwamba ukinizoea utaona kuwa maneno yangu yote nimeyapata kwa marehemu, na mimi mwenyewe sina la kusema."

Sista akachukua karatasi zote mikononi mwake, akatafuta ile ya mwisho, nyingine akamrudishia.

"Nimefanya kazi wodini maisha yangu yote," akasema. "Kengele, mashine, watu wanaita usiku kucha. Mtu asiye na la kusema ndiye ninayemtafuta."

Profesa akapepesa macho. "Na ile fotokopi," akaanza, "kuhusu ile fotokopi, ningependa kueleza muktadha..."

"Sema pole."

Uwanja mzima ulishangilia kitu fulani na kunyamaza tena.

"Pole," akasema. "Pole sana, Sista."

"Haya. Tiketi yangu sibadilishi. Utakata yako. Kuna mtu unataka kushauriana naye?"

Alinitazama mimi. Nilitazama paa la nyumba ya jirani, paa zuri, vigae vyote vipo.

"Hapana," akasema.

Basi Sista akamshika mkono wa koti, akamvuta ndani kati ya maboksi, na mlango ukafungwa. Mimi nikabaki nje na kurasa zote alizoruka, maana Profesa alikuwa amezisukuma mikononi mwangu alipokuwa akivutwa. Sikuzisoma. Nilizitia kwenye pipa la karatasi hapo uani na kufunika.

Sasa nenda nyumbani. Kama kuna mtu anayesubiri jibu lako, andika yote unayotaka kuyaandika, hata kurasa kumi. Kisha soma toka juu mpaka ufike kwenye sentensi unayoiogopa. Kata kila kilicho juu yake. Ile iliyobaki mpelekee mwenyewe, na nakala usimpe mtu.